Mstari Ambao Sikuuandika

Jumanne, 11 Januari 2005

Leo programu yetu imeanza kazi. Nimeamua kuandika kila nitakachokiona mpaka mvua ziishe, kwa sababu mradi una watu wawili na mwezi wa sita utabaki na mmoja. Mzee Enoki, katibu wa hospitali, alitutamkia hivyo asubuhi, mbele yetu wote wawili, huku akitabasamu. Kuna nafasi moja tu ya kudumu.

Mwenzangu ni Luqmani. Ana duka la kompyuta Makambako, kwenye jengo lililokuwa la ushirika zamani, jirani na maegesho ya malori. Kwao walitoka Kigoma, baba yake alikuwa na magari ya mizigo. Mimi kwetu ni hapahapa Njombe, nimepanga chumba mtaa wa Ramadhani, na jina langu Eveline linajulikana na kila mama wa kwaya. Kwa hiyo hospitalini mimi ni mtoto wa nyumbani, Luqmani ni "yule wa Makambako."

Programu yenyewe inahesabu tarehe za wagonjwa wa kliniki ya Jumanne. Hapa watu hawasemi zaidi ya hapo. Kliniki ya Jumanne ndiyo ya dawa za kurefusha maisha, zilizoanza kutolewa mwaka jana. Sista Margareth anamaliza kumwona mgonjwa, anamwandikia kwenye kadi siku ya kurudi, kisha anaiandika na kwenye kompyuta. Siku ikifika, kompyuta inataja wanaotakiwa, na famasi inawafungia dawa hao tu. Dawa ni chache na haziachwi kuzurura.

Tumeiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Ni mafaili mengi, na kipo chombo kiitwacho Ant kinachoyakusanya, kinayajaribu, halafu kinayafunga kuwa kitu kimoja cha kupeleka kliniki. Ant haifanyi lolote bila faili la mipangilio. Humo ndimo tunamoiambia ijaribu nini na mashine ya Java iwashwe vipi. Ikimaliza salama inaandika BUILD SUCCESSFUL, yaani imejengeka bila kosa. Mimi naandika sehemu zangu hapa Njombe, namtumia Luqmani kwa flashi kupitia kondakta wa basi, yeye anaunganisha dukani kwake maana ndiye mwenye mtandao, na kila mwanzo wa mwezi analeta toleo jipya kwenye CD.

Mvua imenyesha tangu saa sita. Luqmani hakunywa chai yetu, alisema anawahi gari.

Jumamosi, 15 Januari

Ukungu mpaka mchana. Nimefua, hazikukauka.

Jumanne, 1 Februari

Luqmani kaja na CD ya mwezi, kaweka toleo jipya, kaondoka kabla ya saa tatu. Saa tatu na nusu Sista Margareth ananiita. Wagonjwa wapo kwenye benchi, kadi zao zinasema leo, lakini kompyuta inawataja kuwa watoro wa dawa, eti siku yao ilipita mwanzoni mwa Januari. Wakati huo programu ilikuwa hata haijawekwa hapa!

"Eveline, hii kompyuta yenu inanisemea uongo au ni hawa?" aliniuliza, akiwaonyesha wagonjwa kwa kalamu.

Nilimwambia nitaangalia. Sikuona kitu. Jaribio la tarehe kwenye kompyuta yangu linapita bila shida.

Jumanne, 8 Februari

Afadhali ya wiki iliyopita. Leo si watoro, leo hawapo kabisa. Kadi inasema tarehe nane Februari, kompyuta inasema Agosti. Sista Margareth ameanza kuwashuku wagonjwa. Anadhani wanachezea kadi ili wachukue dawa mara mbili wakauze. Alimwinulia mzee mmoja wa Matamba kadi yake kwenye mwanga wa dirisha kutafuta alama ya kufuta. Mzee wa watu alisimama tu, kofia mkononi, maji yakimtiririka kwenye koti.

Dawa alipata baadaye, baada ya kubembelezana na famasi. Gari la Matamba lilikuwa limeshaondoka.

Jumanne, 15 Februari

Leo hakuna kosa hata moja.

Jumanne, 22 Februari

Hakuna kosa. Nimekaa kliniki asubuhi nzima nikivizia.

Nimewaza hivi: Luqmani alikuja tarehe moja, kosa likaja naye. Wiki mbili zikapita bila kosa, na yeye hayupo. Kosa la kawaida la programu halina kalenda. Kosa lenye kalenda lina mtu.

Alhamisi, 24 Februari

Nimeupata mstari.

Nilikuwa nimefungua faili la mipangilio ya Ant kutoka kwenye CD yake, nikililinganisha na langu la Novemba, mstari kwa mstari. Yote sawa, isipokuwa sehemu ya majaribio. Pale pana mstari mmoja ambao sikuuandika. Unaiambia mashine ya Java, wakati wa kujaribu, ijifanye iko Uingereza. Umechomekwa bila maelezo. Hajaniambia kwenye simu wala kwenye vikaratasi anavyonizungushia kwenye flashi.

Uingereza inahusiana nini na kliniki ya Njombe?

Niliufuta, nikajenga hapa kwangu. BUILD SUCCESSFUL, kama kawaida. Kumbe mstari hauna kazi yoyote. Na mtu haweki kitu kisicho na kazi kwa siri bila kuwa na kazi nacho.

Nimeuacha umefutwa. Kesho namtumia flashi, nione atasema nini.

Jumatatu, 28 Februari

Hajasema neno. Flashi aliipata juzi Jumamosi, kondakta kanihakikishia.

Jumanne, 1 Machi

Kaja. Mstari umerudi! Nimelifungua faili mara tu alipoweka CD, uko palepale, na bado hakunitajia. Tulisalimiana kama watu waliokutana msibani.

"Umzima, dada Eveline?"

"Mzima. Za Makambako?"

"Kwema. Mvua tu."

Akatoka. Nilimfuata kwa macho. Hakwenda getini, alikwenda kwa Mzee Enoki na akakaa huko muda. Alipotoka alipita mbele ya dirisha langu bila kugeuza shingo.

Kliniki: watoro tele, wote wakiwa wamekaa kwenye benchi.

Ijumaa, 4 Machi

Ulanzi, pombe ya mianzi, umekolea mtaani, majirani wameimba mpaka nimechoka. Sina raha.

Jumanne, 8 Machi

Namwandika Anifa, maana sura yake hainitoki.

Anifa anapika chakula Makambako, kibanda chake kinapakana na duka la Luqmani. Kila nikishuka kwa kazi ninakula kwake wali na maharage, ananiita mdogo wangu, ananiongezea mchuzi bila kuombwa. Sikujua ni mgonjwa wa Jumanne mpaka Januari nilipomkuta kwenye benchi, ushungi kaushusha mpaka kwenye nyusi. Tuliangaliana, tukaelewana kwamba hatujaonana. Mume wake, Mudy, anaendesha lori la mbao. Hajui. Anifa humwambia anapanda Njombe kununua viazi, na kweli anarudi na viazi.

Leo alikuja na gari la kwanza. Kompyuta ikasema Agosti. Famasi hawakumfungia chochote. Sista Margareth, aliyekuwa ameshagombana na watu tangu asubuhi, akaishika kadi yake kwa ncha za vidole.

"Mama, nani amekuandikia hii?"

"Si wewe, sista? Mwezi uliopita, ulikaa hapohapo."

"Mimi siandiki Machi na kompyuta ikasoma Agosti. Rudi wiki ijayo, tutakuwa tumelichunguza jambo lako."

"Wiki ijayo siwezi. Nitasema nimefuata nini tena?"

Aliliuliza kwa sauti ndogo, akiniangalia mimi. Mlango ulikuwa umejaa watu. Nilimwambia, "Dada, subiri nje kidogo, nitaongea nao," nikaenda famasi. Famasi wakanituma kwa mganga, mganga alikuwa chumba cha upasuaji. Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Mlinzi alisema mwanamke mwenye gunia la viazi ameshapanda gari.

Sasa si mchezo wa ajira tena. Kama Luqmani anafanya haya ili aonekane mtu asiyekosekana, basi anamfanyia jirani yake mwenyewe, anayemlisha kila siku mchana.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Enoki. Nilimweleza kila kitu: kosa linafuata siku anazokuja, katikati ya mwezi linapotea, na kuna mstari wa siri kwenye mipangilio ambao nikiufuta anaurudisha.

Alinisikiliza akizungusha miwani mkononi. Huyu mzee alinifundisha kipaimara, ninamheshimu kama baba.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Mzee."

"Hawa wenzetu wa Makambako ni watu wa biashara," alisema taratibu. "Mfanyabiashara lazima aache upenyo wa kuitwa tena. Sisemi ni mbaya, ndivyo walivyolelewa. Programu unaweza kuijenga mwenyewe hapa?"

"Naweza. Kompyuta yangu ina Ant."

"Basi jenga. Haya mengine niachie."

Nilitoka nikiwa mwepesi. Sikuuliza ameandika nini kwenye taarifa ya wafadhili kuhusu wale watoro. Niliona karatasi mezani, imeandikwa kwamba wagonjwa wengi hawazingatii tarehe. Nilidhani ni rasimu.

Jumatatu, 14 Machi

Luqmani alikuja bila kuitwa, akazuiwa getini. Nilikuwa naangalia. Mlinzi alimwonyesha kipande cha karatasi, Luqmani akakisoma, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kikombe. Kisha aliangalia moja kwa moja dirisha langu. Nilijidai ninafuta kioo.

Jumanne, 15 Machi

Toleo nililolijenga mwenyewe, bila ule mstari, limewekwa leo. Hakuna kosa.

Anifa hakuja.

Jumanne, 22 Machi

Hakuna kosa. Margareth kaniletea mahindi mabichi ya kwao. Anifa hakuja.

Jumapili, 27 Machi

Pasaka. Kanisani Mzee Enoki alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye aliyetutengenezea mambo." Mama alilia kwa furaha. Mvua kubwa wakati wa kutoka.

Jumanne, 29 Machi

Shwari. Huyu Luqmani alidhani atatufanya wajinga mpaka lini?

Jumanne, 5 Aprili

Kosa limerudi.

Wote wa leo, kadi zinasema tarehe tano Aprili, kompyuta inasema tarehe nne Mei. Luqmani hajakanyaga hapa tangu mwezi uliopita. Hakuna CD yake humu ndani, hakuna mstari wake. Kila kitu kilichomo nimekijenga kwa mikono yangu.

Sista Margareth hakunigombeza. Alisukuma kiti nyuma, akaniambia, "Haya, kaa wewe uwaambie." Nikakaa. Kijana wa gereji, mama mwenye mtoto mgongoni, mwalimu mstaafu niliyesoma kwake. Kila mmoja aliniwekea kadi mezani. Kadi ya kwanza niliinua dirishani kutafuta alama ya kufuta. Mkono ulifanya wenyewe.

Jumatano, 6 Aprili

Nimekaa na mafaili siku nzima. Nilijaribu kumshuku Margareth, labda anakosea kuandika. Nikawashuku famasi. Nikashuku kwamba Luqmani aliacha kitu ndani kabla hajafukuzwa, kitu kinachongoja mwezi uanze. Nilimtafuta kwenye kila faili, hayumo. Jioni nilikuwa nimebaki na mtu mmoja ambaye sijamshuku, na huyo ndiye aliyeshika kibodi.

Umeme umekatika.

Ijumaa, 8 Aprili

Nimempigia Luqmani. Alipokea. Nikasema kesho nitashuka Makambako. "Duka liko wazi kwa kila mtu," akajibu, akakata.

Jumamosi, 9 Aprili

Makambako kulikuwa na tope hadi kwenye vifundo. Kibanda cha Anifa kimefungwa, benchi zimepinduliwa juu ya meza. Nikapita, nikaingia dukani.

Luqmani alikuwa anafungua kompyuta ya mteja. Hakuinuka. Nilisimama kama mnunuzi.

"Limerudi," nikamwambia. "Tarehe tano. Na wewe hukuwepo."

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza nililifikishaje huko kwa upepo?"

"Nimekuja kukuuliza kuhusu mstari."

"Mstari upi?"

"Ule wa Uingereza. Niliufuta, ukaurudisha."

Aliweka bisibisi chini. "Na mimi nilitaka kukuuliza huohuo. Kwa nini uliufuta? Niliunganisha hapa, ikaanguka. BUILD FAILED, siku moja kabla ya kuja kwenu. Nikasema dada huyu anataka nifike mbele ya Mzee Enoki mikono mitupu."

"Kwangu haikuanguka."

"Haiwezekani."

"Ilipita, Luqmani. Ndiyo maana niliona mstari wako hauna kazi."

 Akavuta kiti cha pili, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akanisogezea. Tukaufuta mstari pamoja, tukajenga kwenye kompyuta yake. BUILD FAILED. Jaribio lililoanguka lilikuwa moja tu, la tarehe.

"Ilinifanyia hivi Desemba," alisema. "Hii kompyuta ni mtumba, ilikuja kwenye kontena la Dubai, mipangilio yake siiamini. Nikasema kosa ni la kompyuta yangu, si la programu. Nikaweka mstari ili jaribio lifanyike kama tuko Uingereza, maana wao wanaandika tarehe kama sisi, siku kwanza. Likapita. Nikasahau kabisa kukwambia."

"Hii yako imewekwa nchi gani?"

Akafungua kuangalia. "Marekani."

"Yangu niliiweka Uingereza siku ya kwanza. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa."

 Luqmani ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini.

"Na ile ya kliniki?"

Ile ya kliniki ililetwa na marafiki wa dayosisi. Kwenye boksi lake bado kuna bendera ya Marekani.

Nililia hapohapo, mbele ya redio na chaja zake. Wamarekani wanaanza na mwezi. Margareth anaandika 05/04, akimaanisha tarehe tano Aprili. Kompyuta ya kliniki inasoma mwezi wa tano, tarehe nne. Tarehe ikizidi kumi na mbili haiwezi kuwa mwezi, programu inakwama, inageuza yenyewe na kusoma sawasawa. Ndiyo maana katikati ya mwezi kunakuwa shwari. Kalenda ilikuwa ya kosa lenyewe. Luqmani alikuja siku zake kwa sababu ndizo siku za CD.

Na Ant ilituambia BUILD SUCCESSFUL kila mara, kwa sababu yeye aliiambia ijaribu kama iko Uingereza, na mimi nilijaribu kwenye kompyuta iliyokuwa imeshawekwa Uingereza. Hakuna aliyejaribu kama yuko kliniki.

"Nilimwambia Mzee Enoki kwamba unaharibu makusudi," nikasema.

"Lini?"

"Tarehe kumi Machi."

Luqmani akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mimi nilimwambia tarehe moja. Maneno hayohayo, kwamba wewe unaharibu makusudi, unafuta mstari ili nianguke. Akanijibu, 'Niachie, kijana wangu.'"

Tarehe moja Machi. Nilipokwenda mimi, Mzee alikuwa ameshayasikia kutoka upande wa pili. Watu wawili wanashtakiana kwa kosa moja, yeye yuko katikati. Angetuita chumba kimoja kwa dakika kumi, tungeliona. Yeye aliniuliza kama nina hakika.

Tuliandika upya sehemu ya kusoma tarehe, siku kwanza popote kompyuta ilipo. Kwenye mipangilio tukaweka majaribio mawili, moja kama Uingereza na moja kama Marekani, na juu yake maelezo marefu kwa Kiswahili ya kwa nini. Yote mawili yakapita. Hatukushangilia.

"Jirani yako Anifa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Hajafungua wiki nzima. Anasema malaria. Kwani?"

Sikumjibu, si siri yangu. Nilizunguka nyuma ya kibanda peke yangu. Anifa alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na jiko lililozimika, mdomo umejaa utando mweupe, macho makubwa kuliko nilivyoyaacha. Mudy yuko safarini Dar.

"Mlisema Agosti," akaniambia. "Nikasema basi, wamenipunguza. Dawa ni chache, lazima wapunguze mtu."

"Hakuna aliyekupunguza, dada. Kompyuta ilisoma vibaya. Wewe ulikuwa sahihi. Siku yako ilikuwa ileile."

Alifumba macho. 

"Yule sista alinishikia kadi kama imetoka chooni," akasema.

Nilimwomba twende hospitali sasa hivi. Alikataa. Kisha akaniuliza kama Luqmani yupo, akasema mwite. Luqmani alipoingia alimwambia mwenyewe, maneno machache, kwamba anaumwa nini na tangu lini.  Luqmani alitoka akaazima pikapu ya mjomba wake, akaweka godoro la dukani nyuma, turubai juu, na mimi nikakaa na Anifa tukashikilia turubai lisipeperuke.

Getini mlinzi akatoa kile kikaratasi chake. Gari liingie, dereva asiingie. Nilianza kupiga kelele. Luqmani alizima injini, akashuka, akampa ufunguo dereva wa hospitali. Tulipokuwa tunaingia nilimwona kupitia upenyo wa turubai, amesimama nje ya geti, mvua inampiga, mikono mifukoni.

Jumatatu, 11 Aprili

Mimi na Sista Margareth tumeandika upya tarehe za wagonjwa wote kutoka kwenye nakala za kadi zao zilizo kwenye majalada. Nilimweleza kosa lilivyokuwa. Tukaendelea mpaka tulipofika jina la Anifa. Aliacha kuandika, akaenda wodini. Sijui walizungumza nini. Alirudi macho mekundu, akasema, "Endelea kunisomea."

Jumanne, 12 Aprili

Kadi na kompyuta vinasema kitu kimoja. Anifa amekula uji.

Jumatano, 13 Aprili

Kwa Mzee Enoki. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia kwamba kila mmoja alikuja kumshtaki mwenzake.

"Nilitaka mtulie," akasema. "Wafadhili walikuwa wanakuja. Ningesema programu ina hitilafu, mradi ungefungwa, dawa zisingekuja kabisa. Unajua hilo?"

"Kwa hiyo ukaandika kwamba wagonjwa ni watoro."

"Niliandika ilichosema kompyuta."

"Na Luqmani?"

"Mmoja wenu ilibidi aondoke, Eveline. Nikaona ni heri aondoke asiye wa kwetu. Yeye ana duka, wewe una nini?"

Alilisema kwa upole kabisa, na nadhani alidhani ananitendea wema. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwambia taarifa irekebishwe na kikaratasi cha getini kitolewe. Alisema atalitafakari. Nikamwambia Sista Margareth ameshaandika barua kwa mganga mkuu na sahihi yangu ipo chini yake. Akavaa miwani.

Jumamosi, 16 Aprili

Kikaratasi kimetolewa.

Jumanne, 26 Aprili

Mvua zinapungua. Mudy alikuja kumchukua Anifa. Walikaa bustanini muda mrefu, yeye akiongea na mume ameinamisha kichwa. Baadaye Mudy aliuliza kwa mlinzi ni wapi mtu anapimwa.

Jumanne, 3 Mei

Mwanzo wa mwezi. Luqmani alikuja asubuhi, nilimpigia mimi kumwomba. Alikaa nyuma yangu, hakuvua koti. Hatujawa marafiki. Namwona bado anaangalia mikono yangu kwenye kibodi, na mimi ninasikia kila anapopumua.

Anifa aliingia wa tatu. Ushungi ulikuwa nyuma ya masikio. Sista Margareth alikuwa na kompyuta mbele yake imewaka, hakuiangalia.

"Uliambiwa uje lini, mama?"

"Leo."

"Basi ni leo."

Akamwandikia dawa kwanza, ndipo akageukia kompyuta. Nayo ilisema leo.

Luqmani alikunywa chai. Vikombe viwili.

Jumanne, 10 Mei

Baridi imeanza, nimevaa masweta mawili. Mzee Enoki aliniita saa tatu. Nafasi ya kudumu imekubaliwa, wafadhili wanataka jina wiki hii. Alinikaribisha kwa heshima kuliko zamani, akaagiza nipewe chai.

"Kabla sijaandika, nataka kusikia kwako," akasema. "Huyu mwenzako, kwa moyo mweupe, unamwonaje? Anaaminika? Tuko wawili tu, sema."

Nilimwambia nitasema Luqmani akiwepo. Nimeshamwita, anakuja na basi la saa nne.

"Hukuniarifu."

"Nakuarifu sasa, Mzee."

Tukakaa. Alifungua jalada, akalifunga. Nje ukungu ulikuwa umefika kwenye madirisha, hata geti halikuonekana. Saa nne ikapita. Mzee Enoki alisema labda haji, watu wa biashara wana mambo mengi. Na mimi, baada ya yote haya, nilihisi wasiwasi uleule ukirudi: labda kweli haji, labda ameona heri nikae hapa nihangaike peke yangu, labda wamezungumza wao wawili bila mimi. Niliusikia kabisa ukianza kujipangia ushahidi. Nikanywa chai yangu, nikauacha.

Ilikuwa karibu saa tano tuliposikia viatu vikikung'utwa tope kwenye ngazi, kisha hodi.

"Karibu, Luqmani," nilisema, kabla Mzee hajafungua mdomo. "Kaa. Tunazungumza habari zako na zangu."